Kidole cha Yanjmaa

Nilipiga mistari katika daftari la mafuta ya mabasi,
safu tatu: bei, uwezo, thamani.
Mimi karani wa karakana;
kisichoingia kwenye safu hunikosesha usingizi.

Kishikwambi cha kwanza: tugriki milioni moja na laki nane.
Chembamba kama barafu ya dirishani,
betri ya saa kumi na mbili, kamera mbili, na kalamu.
Kalamu, akasema Sodbileg muuzaji, inauzwa kando.

Cha pili: laki sita na elfu ishirini.
Kinene, kizito, kinafikiri kidogo kabla ya kujibu
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Hifadhi nusu ya mwenzake,
ila kina tundu la kadi, na sauti ya kuamsha jirani.

"Kizuri chajiuza," nikamwambia.
"Kikijiuza mimi nitakula nini?"
Akavigeuza tena chini ya taa, kimoja kila mkono,
kama anayepima nyama.

Wiki mbili nilikuwa nimesoma, nilijua hata uzito wa chaja.
Nikauliza: kwenye nyuzi thelathini chini ya sifuri
betri hii itanifikisha wapi?
Nje, Ulaanbaatar ilikuwa imejifunika moshi wa makaa hadi kidevuni.
Karatasi ya kiwandani haikuwa na safu hiyo.
Nikaichora mwenyewe. Ikabaki tupu.

Mama alikuwa kwenye kigoda, glavu mapajani.
"Nomuun yumo katika kipi?"
Yumo katika vyote, Mama. Anapiga kutoka Busan, popote anaingia.
"Basi mbona kimoja bei ya ng'ombe
na kingine bei ya kondoo wawili?"

Nikaanza kueleza. Wembamba, nikasema. Rangi. Kasi.
Yeye akanyoosha kidole, akagusa cha ng'ombe.
Kimya.
Akagusa tena, kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa wageni.
Kimya.
Cha kondoo kikafumbua jicho, kikalala.

Sodbileg akafuta kioo. Akalaumu vumbi, akalaumu baridi,
kisha akakitazama kile kidole, akaacha kulaumu.

Miaka arobaini ya kushona buti za sufi,
subana ikitoboka kabla ya mshahara kufika.
Ncha imekuwa laini kama kokoto ya mtoni, haina mstari hata mmoja.
Siku ya kitambulisho mashine ilimkataa mara tatu,
karani akamuuliza kama ana uhakika yeye ni yeye.

Hapo Sodbileg akavuta droo.
Akatoa cha kwake, cha hesabu za duka,
kona imepasuka, mgongo umebandikwa gundi.
"Hiki nimekiwekea hisia ya glavu. Jaribu, bibi."
Mama akagusa mara moja tu,
na madeni ya wateja wote yakafunguka.

"Shilingi ngapi?" angeuliza mwingine.
Mama hakuuliza. Alikikumbatia.
"Hakiuzwi," akasema kijana.
"Duka linalouza hata kalamu?"

Laki nne na elfu kumi. Bila dhamana, bila boksi.
Kamera ina ukungu, betri inachoka adhuhuri.
Kipya kinyemi, wamesema, ingawa kidonda;
nilikuwa na penseli mkononi na sikujua niandike wapi.

Akakitia ndani ya joho, kifuani,
mahali pa mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya theluji kuisha,
tukatembea. Tulipofika nyumbani
betri ilikuwa imeshuka alama mbili tu.
Nikaijaza ile safu tupu: *kifua cha Mama*.

Usiku Nomuun akatokea, ufa ukipita juu ya sikio lake.
Mama akampapasa shavu.
Simu ikakatika.
Akapiga tena. Wakacheka. Akampapasa.
Ikakatika.
Mara ya tano nikamwambia, Mama, usimguse,
kioo kinasikia mno.

"Si ndicho tulichonunua?" akasema,
akapeleka tena kidole.